Hukumu ya Jumba la Bwana Mpole

3 Februari

Mjomba, shikamoo.

Naamini u mzima na magoti bado yanakubeba. Mama aliniambia umekataa tena kustaafu machinjioni, eti ng'ombe watakosa mkaguzi wa kuwaheshimu. Alicheka mpaka akakohoa. Aache kucheka, au wewe uache kuchekesha, mmoja wenu achague.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu mbovu. Na jibu usilitume nyumbani. Litume hapa kiwandani tunapochapa vitabu, anuani iko nyuma ya bahasha. Barua za nyumbani hupotea.

Humu ndani kuna kitabu kinaitwa Jumba la Bwana Mpole. Ni mkasa wa kuchezwa mezani, kurasa thelathini na mbili, na ramani nimeichora mwenyewe. Ndiyo, nimekitunga mimi. Miaka yote ile niliyokaa pembeni ya meza yako nikiwachorea ramani wewe na wachezaji wako haikupotea bure. Jalada halina jina la mtunzi. Nimeomba iwe hivyo, na wewe nakuomba iwe hivyo.

Mhariri mkuu amesema kitabu kikipita kwenye ukurasa wako wa hukumu katika jarida la mikasa, watanihamishia makao makuu niwe mtunzi wao wa kudumu. Ni safari ya siku mbili kutoka hapa, na wana chumba cha wafanyakazi. Mjomba, nafasi hiyo naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Siombi upendeleo. Naomba ukicheze upesi.

Ndimi mpwa wako.


21 Februari

Mpwa wangu, marahaba.

Huku tuko salama, salama ya kwetu. Mama yako kapata miwani mipya na sasa anaona vumbi ambalo halikuwepo, kwa hiyo amegombana na nyumba nzima. Kazini wiki iliyopita fahali alikata kamba akamkanyaga mchunaji kifuani, mbavu tatu. Tulipomwangusha alikuwa bado na kiatu cha yule bwana ukwatoni. Nilimkagua kama wenzake, ini safi, moyo safi, nikampiga muhuri. Hasira haionekani kwenye nyama, ndiyo shida ya kazi hii.

Kanuni yangu unaijua. Ng'ombe akisimama zizini kila mtu anamsifu, mimi nasema baada ya kisu. Na kitabu cha mkasa vivyo hivyo, sikihukumu kwa kukisoma. Kinachezwa mara tatu mezani kwangu, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mimi nasimulia yaliyoandikwa, wachezaji wanasema watu wao wanafanya nini, dadu zinaamua nani afe. Wapo walewale: Nesi, Mwalimu wa hesabu, na Seremala na meno yake ya bandia.

Basi tumecheza mara ya kwanza. Mwanangu, ulitaka kutuua kwa saa ngapi? Bwana Mpole akawapokea vizuri, akawanawisha mikono, akaulizia mama zao kwa majina. Kwenye mlango wa tatu akavua bangili yake ya shaba, akaiweka mezani taratibu. Kisha akamshika askari wa Seremala taya, akamgonga ukutani mara nne kama mtu anayekung'uta mkeka. Taya likabaki mkononi mwake. Mganga wa Nesi alikatwa mikono yote miwili akiwa ameinyoosha kuomba. Mwizi wa Mwalimu alijaribu kisima, tukampata chini tumbo wazi. Saa kumi chai ilipokuja sote tulikuwa maiti, na Seremala alikuwa anatokwa jasho kweli, si mchezo.

Sifa zako utazisoma jaridani. Kasoro nakupa hapa kwa sababu mimi ni mjomba wako. Jumba halina njia ya kutokea. Kila anayejaribu anarudi ukumbini. Mwandishi akimfungia mchezaji milango yote, mchezaji hachezi tena, anatazama. Hilo ni kosa la mwanafunzi, na wewe si mwanafunzi.

Ukurasa wa kumi na moja nimeusoma mara tatu. Tutauzungumza siku nyingine.

Msalimie sana Shoka. Mwambie kiti chake mezani hakijapata mtu. Tangu akuoe hatujapata mpiganaji wa kumfikia hata kiunoni.

Mjomba wako.


12 Machi

Shikamoo Mjomba.

Utasamehe mwandiko. Nimebanwa mkono wa kulia na droo, naandika kwa wa kushoto, na wa kushoto haujasoma. Kazini wananicheka. Gundi, yule mama mtu mzima anayejalidi vitabu na kunukia jina lake, ndiye anayenifungia vifungo vya blauzi asubuhi nikifika. Mwambie Mama naendelea vizuri. Ya droo usimwambie.

Kuhusu kasoro yako, Mjomba, umekosea, na nakuambia kwa heshima zote. Fungua ramani. Mlango wa mbele upo, wa jikoni upo, wa ua upo. Hakuna hata mmoja niliouandikia kufuli. Hakuna. Wageni wanarudi wenyewe, kwa sababu Bwana Mpole anajua nyumbani kwa kila mmoja. Ndiyo maana aliulizia mama zao kwa majina. Ulisoma hapo ukadhani ni adabu. Ukisimulia mara ya pili, waambie wachezaji wako milango iko wazi, halafu uwatazame.

Sasa nina swali langu. Kabla posa ya Shoka haijakubaliwa, wewe na Mama na wakubwa wengine mlikaa sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni. Nilimsikia Mama akikuambia, "Wewe ndiye unayekaa naye kila Jumapili, tuambie ni mtu wa namna gani." Halafu maji yakachemka, nikakosa jibu lako. Nilisikia tu mnacheka. Ulijibu nini?

Mpwa wako.


2 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwa kila mwenye mdomo. Mama yako hajambo, goti linamsumbua lakini ulimi haujambo. Machinjioni wametuletea visu vipya, vikali mno. Wiki ya kwanza tumepoteza ncha za vidole viwili, kimoja kilipatikana.

Nimewaambia milango iko wazi, kama ulivyotaka. Mara ya pili Nesi alitoka. Alitoka tu, kwa mlango wa jikoni, akatembea mpaka kijijini kwao. Nikageuza ukurasa nikamsomea ulichoandika: Bwana Mpole amefika kabla yake, amekaa kibarazani na mama yake, wanakunywa maji, bangili iko juu ya meza. Nesi hakungoja nimalize. Alisema, "Narudi." Mwalimu alimkemea, akamwambia akimbie, apige kelele, aite watu. Akasema, "Wewe hujui. Narudi." Mganga wake akarudi kwa miguu yake mwenyewe, na huko nyuma ya mlango dadu zikasema yote.

Mara ya tatu walimuua Bwana Mpole. Ilichukua saa mbili. Seremala alimchoma mkuki wa paja, Mwalimu akamtoboa jicho, na walipomwangusha hawakuacha. Waliendelea kumpiga hata nilipowaambia amekwisha kufa. Seremala alikuwa amesimama, anarusha dadu ambazo hazihitajiki tena. Nimesimulia mikasa miaka ishirini na sita na sijawahi kuona hivyo.

Nesi alisema jambo tulipokuwa tunakusanya vikombe. Alisema, "Aliyeandika hiki anajua mfupa wa mkono unavunjika wapi mtu akijikinga uso. Hapa, chini ya kiwiko. Wodini nawapokea kila wiki. Nikiwauliza, wengi husema wamebanwa na droo." Nikamwambia anisaidie kubeba trei.

Mkono unaendeleaje? Droo mbovu ni vizuri kuziacha wazi.

Kitabu nimekipitisha. Nimekipa muhuri wa juu, wa nne tangu nianze. Kasoro yangu nimeifuta, ulikuwa na haki. Aya ya nne naipenda mwenyewe, nakunakilia: "Bwana Mpole hakubuniwa. Mwandishi amekula naye sahani moja. Anajua bangili inavuliwa kwa mkono upi na inawekwa mezani kwa utaratibu gani kabla ya pigo la kwanza. Na kwa kuwa sijawahi kumficha msomaji jambo, ajue kwamba mwandishi ni damu yangu, binti wa dada yangu. Mwenye shaka na muhuri huu akicheze mwenyewe."

Jina lako sikulitaja, kama ulivyoomba. Lakini mkaguzi hawezi kupitisha nyama ya zizi la nyumbani akanyamaza. Hiyo ndiyo heshima ya kazi.

Kuhusu swali lako la sebuleni, ni zamani, na siku ile palisemwa mengi.

Mjomba wako.


10 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na samahani sina nafasi ya kuulizia wa nyumbani.

Ondoa aya ya nne. Mpigie mhariri wa jarida leo hii, mwambie umekosea, mwambie umeugua, mwambie lolote. Una mpwa mmoja tu wa kike. Unadhani Shoka hajui kuhesabu mpaka moja?

Jarida hilo analipata. Ndiye aliyelilipia tangu akiwa mezani kwako, huanza na ukurasa wako kabla hajavua viatu.

Anavua saa, Mjomba. Mkono wa kushoto. Anaiweka mezani uso juu, anaisogeza ikae sawa na ukingo. Huwa hana haraka. Simu yangu si mbovu, anayo yeye. Barua hazipotei, anazisoma. Aliniambia nikiondoka atakwenda kukaa na Mama, na aliwahi kwenda, mwaka jana mwezi wa tisa, akampelekea sukari na sabuni. Mama alinipigia kwa simu ya Shoka, yangu ikiwa bado mikononi mwangu, kunisifia mkwe.

Sikutaka kukuambia kwa sababu nilitaka kuondoka nikiwa na kazi mkononi, si kwa kukimbia. Nilikuwa nimebakiza hatua moja.

Iondoe.


17 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako imenifikia jana. Nilimpigia mhariri nikiwa na buti za kazini miguuni. Toleo limechapwa, limeshasambazwa tangu tarehe kumi na mbili. Maji yamemwagika.

Mwanangu, kwa nini hukuniambia mapema? Mtu anaumwa ndani ya nyumba yake halafu anakwenda kuwaandikia wageni. Mficha uchi hazai. Ungeandika mstari mmoja mwezi wa pili, ningejua la kufanya.

Ondoka leo. Usirudi nyumbani kuchukua nguo. Nenda kwa Gundi. Mama yako nimemleta kwangu, amelala chumba cha mbele, na Seremala anashinda kibarazani na patasi zake, eti ananitengenezea kiti. Huku hapiti mtu.

Mimi nitakuja kukuchukua tarehe ishirini na saba. Wiki hii yote tuna ukaguzi mkuu kutoka wizarani, na mimi ndiye mwenye vitabu vya muhuri. Nisipokuwepo watafunga machinjio. Siku kumi tu. Jikaze.

Mjomba wako.


4 Mei

Mjomba,

Anayeandika ni Gundi. Mimi nasema, yeye anaandika. Mikono yangu yote miwili imo kwenye plasta. Gundi anasema nikuambie kwamba ataandika kila nitakachosema bila kupamba, na kwamba yeye binafsi hana salamu na wewe.

Barua yako ya tarehe kumi na saba ilifika kiwandani ishirini na mbili. Shoka alikuwa amelisoma jarida tangu ishirini, Jumamosi asubuhi. Alinisomea aya ya nne kwa sauti, vizuri, kama ulivyokuwa unasoma wewe mezani. Akaniuliza, "Sahani moja?" Kisha akavua saa.

Alianza na mkono ulioandika kitabu, wa kulia. Aliuweka kwenye kizingiti cha mlango wa chumbani akaufunga mlango. Mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haukufunga vizuri. Mbavu ni mguu wake. Sikio la kushoto sijui ni nini, nilikuwa chini ya meza wakati huo. Alipochoka alilala, alipoamka akanipikia uji na kunilisha, akasema mambo ya nyumbani yanaishia nyumbani.

Jumatatu alikwenda kazini kwake ghalani na mimi nikaja kazini. Ndiyo, nilikuja. Gundi alikuwa ananifichia barua kutoka makao makuu. Walinikubali. Nilitaka tu kuishika.

Saa nne asubuhi akaingia kiwandani. Alipita kaunta bila kusalimu, na Shoka husalimu daima. Alinishika nywele akanilaza kichwa kwenye kitanda cha mashine ya kukatia karatasi, ile ya mkono, yenye wembe mrefu kama mlango. Akasema, "Tuone ukurasa wa mwisho." Mkono mmoja ulinibana shingo, wa pili ulikuwa unatafuta mpini. Niliuona wembe ukitikisika juu ya jicho langu. Gundi alikuwa amepiga kelele lakini mashine nyingine zilikuwa zinanguruma.

Pembeni ya ile mashine Gundi huweka nyundo yake ya kugongea migongo ya vitabu. Niliishika kwa mkono wa kushoto. Pigo la kwanza lilimpata kiwiko, akaniachia. La pili lilimpata taya, nikasikia meno, akaanguka kwa magoti na halafu kwa ubavu.

La tatu, Mjomba, halikuwa la kujiokoa. Alikuwa chini. Alikuwa ameinua mkono kujikinga uso. Nilipiga hapo hapo, chini ya kiwiko, mkono ukashuka, nyundo ikaenda mpaka jichoni. Mfupa wa mkono wangu wa kushoto nao ulivunjika katika pigo hilo. Gundi ndiye aliyeninyang'anya nyundo.

Yu hai. Jicho limekwenda. Nimeshtakiwa kwa kujeruhi, na mlangoni pa wodi yupo askari.

Najua ulikuja tarehe ishirini na saba. Nilisikia sauti yako. Nilimwambia askari aseme nimelala.

Ndugu zake wanasema Shoka hajawahi kumgusa mtu. Meneja wake ameandika hivyo, na majirani, maana kweli anawasalimu. Mimi ndiye mwendawazimu niliyeandika kitabu chote cha kuua mtu ndani ya nyumba, na wakili wao anacho kitabu, amekipigia mistari. Mwanasheria wangu anasema tunahitaji mtu mmoja aliyemwona Shoka akipiga mtu kabla ya mimi. Mmoja tu. Nimemwambia simjui.

Nakuuliza mara ya pili. Mama alipokuuliza siku ile ni mtu wa namna gani, wewe ulimjibu nini?


15 Mei

Mpwa wangu,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nimezichoma kwa sababu zilikuwa zinanitetea.

Mama yako aliniuliza ni mtu wa namna gani. Nilimjibu, "Mtu safi. Hasira zake huzimaliza mezani." Hapo ndipo tulipocheka.

Miezi mitano kabla ya siku hiyo, Jumapili, tulikuwa tunacheza. Wewe hukuwepo, ulikuwa na mitihani. Dadu ya Seremala ilimuua mtu wa Shoka, yule mpiganaji aliyemlea miaka mitatu. Haikuwa hila, ni dadu. Shoka alivua saa yake akaiweka mezani, akaisogeza ikae sawa na ukingo. Mwalimu alicheka, alidhani anaonyesha kwamba muda umekwisha. Kisha akamshika Seremala kisogo akampiga uso kwenye meza yangu. Mara nne, mpwa wangu. Nilizihesabu, sikunyanyuka. Meno manne ya mbele yalibaki kwenye ramani. Alipomaliza alivaa saa, akaomba radhi kwa sauti yake ile nzuri, akajitolea kumpeleka hospitali.

Hospitalini mimi ndiye niliyesema ameteleza ngazini. Niliwaapisha wote. Seremala mwenyewe nilimwapisha akiwa na pamba mdomoni. Niliwaambia Shoka akifukuzwa meza itavunjika, hatutapata tena mchezaji kama yule, na kwamba mtu mzima anasamehe. Ukweli ni kwamba nilimpenda. Hakuna aliyeua vizuri kama yeye mezani pangu. Nilipokuwa nasimulia, alikuwa anayafanya maneno yangu yatishe. Nilikuwa na kitu hicho nyumbani na sikutaka kukipoteza, na ulipompenda wewe nikaona ndiyo sasa hatakwenda popote.

Ukurasa wa kumi na moja ni ule wa bangili. Niliutambua siku ya kwanza, mwezi wa pili, kabla hatujacheza hata mara moja. Nilijua ni nani, na ulipoandika ya droo nilijua mkono wako umefanyaje. Badala ya kupanda gari niliendelea kucheza Jumapili tatu, nikaandika aya nzuri, nikawaambia wasomaji mia nne kitu nilichokuwa naogopa kukuambia wewe mmoja. Nilidhani ukiisoma utaelewa kwamba najua. Halafu nikakuandikia kwamba ungeniambia mapema. Na ukaguzi mkuu ulimalizika tarehe kumi na tisa. Hizo siku nane zilizobaki nilikuwa natafuta uso wa kukujia nao.

Nimempigia mwanasheria wako. Nitasimama mahakamani niseme haya yote, na yale ya hospitali, na kiapo. Seremala atakuja. Nilipomwambia, aliondoa meno ya bandia akayaweka mfukoni, akasema atayavaa tena baada ya kesi. Mama yako nimemsomea barua hii. Ameondoka kwangu, yuko kwa jirani. Hajanitukana, na ningependa anitukane.

Siombi kitu. Ukiona vyema kunisamehe, niambie. Usipoona, pia niambie.

Mjomba wako.


26 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mkono wa kushoto umetoka plasta jana, kwa hiyo huu ni mwandiko wangu, ule ambao haujasoma. Mama hajambo. Amesema nisikuandikie, nami nimemwambia nikimaliza mimi na wewe ndipo aanze yeye.

Ulipokuwa umekwisha toka nje, hakimu alisoma hukumu. Mapigo mawili ya kwanza ni ya kujiokoa, ameniachia. La tatu amenihukumu, mwaka mmoja, kifungo cha nje. Amesema Seremala alipofungua mdomo pale kizimbani yeye hakimu alihitaji dakika moja kabla ya kuendelea kuandika. Shoka ana kesi yake mwezi wa nane, na safari hii yuko ndani. Makao makuu wamenisubiri. Naondoka Alhamisi na Gundi ananisindikiza. Wewe usije.

Nilikutazama ulipokuwa unaulizwa. Wakili wao alikuuliza kwa nini ulinyamaza miaka yote, nawe ukasema, "Kwa sababu nilikuwa nafurahi." Watu waliguna. Ndugu yake Shoka alikutemea mate kwenye kiatu na hukuyafuta. Mama alitoka nje hapo. Mimi nilibaki, nilitaka kusikia mpaka mwisho.

Umeniuliza kuhusu msamaha. Sijakusamehe. Nimejaribu mara moja, Jumapili, nikashindwa kabla ya chai.

Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia mwanasheria, wala Gundi, wala Mama anayeniombea kila siku nipate amani. Kila asubuhi naamka nasubiri kulijutia pigo la tatu. Naliona jicho, nausikia mfupa, na nasubiri. Majuto hayaji. Inayokuja ni ile raha niliyoisikia mkononi, na baada yake nasikia njaa, nanyanyuka, nakula vizuri. Nakuambia wewe kwa sababu ulihesabu mapigo manne ukiwa umekaa, na Jumapili iliyofuata ukaandaa meza. Niambie mtu anaishije na kitu kama hicho. Katika ukoo wetu wote anayejua ni wewe.

Mpwa wako.